Asili Moja au Asili Nyingi? Uhakiki wa Chimbuko la Muziki wa Kantri wa Marekani

Utangulizi

Suala la asili ni miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha sana wahakiki wa fasihi simulizi, na pia ni miongoni mwa yale yaliyowapotosha sana. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kukumbushwa jinsi mjadala kuhusu chimbuko la ushairi wetu ulivyowagawa wataalamu katika kambi mbili, moja ikiuona ushairi huo kuwa zao la Uarabuni na nyingine ikiuona kuwa zao la Waswahili wenyewe. Mjadala huo ulikuwa na faida zake. Hata hivyo, mara nyingi ulijengwa juu ya dhana kwamba utanzu ni kama mtoto mchanga: una mzazi mmoja wa kutajwa, mahali pamoja pa kuzaliwa, na tarehe inayoweza kuandikwa katika cheti. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuutazama utanzu wa mbali na kwetu, yaani muziki wa kantri wa Marekani, hasa katika kipindi cha kati ya mwaka 1922, fidla ya Eck Robertson wa Texas iliponaswa katika santuri, na mwaka 1933, alipofariki mwimbaji Jimmie Rodgers.

Aghalabu muziki huu husimuliwa kama urithi wa Waskoti, Waairishi na Waingereza waliohamia milima ya Appalachia katika karne ya 18. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, wahamiaji hao walifika na fidla na nyimbo zao, wakatulia mabondeni, wakazihifadhi bila kuchanganyika na mtu yeyote, hadi wafanyabiashara wa santuri walipowafikia katika miaka ya 1920. Tunashikilia kwamba simulizi hilo ni la kweli kwa upande mmoja tu, na kwamba upande ulioachwa haukuachwa kwa bahati mbaya.

Wanahistoria wa muziki wamekwisha kuligusa jambo hili. Bill C. Malone aliandika historia pana ya utanzu huu mwaka 1968. Tony Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alionyesha jinsi wanamuziki Weusi na Weupe wa kusini walivyochota katika kisima kimoja. Naye Karl Hagstrom Miller, mwaka 2010, alieleza jinsi kisima hicho kilivyojengewa ukuta katikati. Sisi tunawafuata, lakini swali letu ni la kifasihi zaidi: katika utanzu huu, nani mtunzi, nani fanani, na matini ni ipi?

Dhana ya Kuzaliwa: Atlanta na Bristol

Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliutambua mji wa Bristol kuwa mahali pa kuzaliwa muziki wa kantri. Mji huo umekaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, kiasi kwamba barabara yake kuu ndiyo mpaka wenyewe. Huko ndiko Ralph Peer, kwa niaba ya kampuni ya santuri ya Victor, alikopiga kambi mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1927, akarekodi vipande 76 kutoka kwa waimbaji na vikundi 19. Miongoni mwao walikuwamo watu watatu wa familia ya Carter waliorekodi tarehe 1 Agosti, na Jimmie Rodgers aliyerekodi tarehe 4 Agosti.

Tarehe hizo zina uzito, lakini haziwezi kuwa za kuzaliwa. Miaka minne kabla yake, mnamo Juni 1923, Peer huyohuyo alikuwa Atlanta akifanyia kazi kampuni ya OKeh, na huko alimrekodi mpiga fidla John Carson. Peer hakuipenda sauti ya mzee huyo. Mwenye duka Polk Brockman ndiye aliyesisitiza, akaagiza sahani 500, nazo zikanunuliwa haraka. Biashara ya muziki wa mashambani ikaanza hapo.

Ni vyema tuutazame wimbo wenyewe ulioianzisha biashara hiyo. Ulihusu kibanda cha magogo kilichozeeka, na ulitungwa mwaka 1871 na Will S. Hays, mtunzi wa Kentucky aliyewaandikia waigizaji wa jukwaani. Nafsineni katika wimbo huo ni mzee Mweusi aliyekuwa mtumwa, ambaye sasa amebaki peke yake shambani. Kwa hiyo, katika santuri inayotajwa mara kwa mara kuwa chanzo cha utanzu wa Weupe wa milimani, tunamsikia Mweupe wa Georgia akiimba maneno ya Mweupe wa Kentucky aliyejivika sauti ya Mweusi. Hapa hatuna asili safi. Tuna kinyago, na nyuma ya kinyago kuna kingine. Mhakiki anayeanza uchunguzi wake Bristol huku akiiruka Atlanta huiruka pia maana ya kinyago hicho.

Fidla na Banjo

Ala huweza kutoa ushahidi pale ambapo maneno yamepotea. Fidla ilitoka Ulaya, na miondoko mingi ya dansi iliyopigwa nayo Appalachia ina nasaba na miondoko ya Uskoti na Ireland ya kaskazini. Hilo halina ubishi. Lakini ala iliyoipa ngoma ya kusini mdundo wake ni banjo, nayo ina historia nyingine.

Thomas Jefferson, katika kitabu chake kuhusu Virginia kilichochapwa mwaka 1785, alikwisha kusema kwamba ala hiyo ililetwa na watumwa kutoka Afrika. Mchoro maarufu wa John Rose wa Carolina ya Kusini, uliochorwa katika miaka hiyohiyo ya 1780, unaonyesha watumwa wakicheza na mmoja wao akipiga banjo ya kibuyu. Utafiti wa Dena Epstein uliochapishwa mwaka 1977, na ule wa Cecelia Conway wa mwaka 1995, uliiweka hoja hii juu ya msingi imara. Naye Daniel Laemouahuma Jatta, mtafiti wa Gambia, aliwafanya wataalamu wa Marekani waitazame kwa makini akonting, ala ya Wajola wa Senegambia. Akonting ina kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu na nyuzi tatu. Mmoja wa nyuzi hizo ni mfupi, nao hupigwa kwa kidole gumba na kurudia sauti ileile, huku ukucha wa kidole kingine ukiupiga uzi mrefu kwa kushuka. Mtindo huo wa kupiga ndio unaopatikana kwa wapiga banjo wa kale wa Appalachia.

Tusisitize jambo moja. Ala inaweza kusafiri peke yake kama bidhaa, lakini namna ya kuipiga haisafiri hivyo. Ili kidole gumba cha mtu wa milimani kijifunze kurudia sauti ya uzi mfupi, ni lazima alikaa karibu na mtu aliyejua, akatazama, akaigiza. Banjo ikipigwa kwa mtindo huo ni ushahidi kwamba watu hao walikutana na kufundishana. Ukaribu huo haukuwa wa usawa, kwani mmoja wao mara nyingi alikuwa mtumwa, lakini ulikuwapo.

Njia ya pili ya banjo kuwafikia Weupe ilikuwa ya aibu zaidi. Kuanzia miaka ya 1840, na hasa baada ya kikundi cha Virginia Minstrels kufanya maonyesho New York mwaka 1843, waigizaji Weupe walijipaka masizi usoni na kuwadhihaki Weusi kwa ala ya Weusi wenyewe. Dhihaka hiyo ikageuka burudani ya taifa zima, ikatoa nyimbo zilizoimbwa na vizazi vitatu. Ndiyo iliyozaa wimbo wa Hays tuliouhakiki hapo juu. Ilipofika wakati wa santuri, ala hiyo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa alama ya Mweupe wa mashambani. Ni nadra kupata mfano ulio wazi zaidi wa kitu kinachokopwa, kikadhihakiwa, kisha kikasahauliwa kwamba kilikopwa.

Wakusanyaji na Walichokiacha

Simulizi la usafi lilihitaji wasomi wa kulithibitisha. Francis James Child wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa amekusanya tungo za kisimulizi 305 za Uingereza na Uskoti, akazichapisha kati ya mwaka 1882 na 1898. Child alifanya kazi kwa miswada na vitabu; alichokitafuta ni maneno. Cecil Sharp, Mwingereza, alipokwenda Appalachia pamoja na Maud Karpeles kati ya mwaka 1916 na 1918, alikwenda kutafuta tungo za aina hiyo vinywani mwa watu, na alizipata kwa wingi. Kazi yake iliyotokana na safari hiyo ni hazina, na hatuna budi kuitambua hivyo. Zaidi ya hayo, yeye alizinukuu na lahani, jambo ambalo Child hakuweza kulifanya.

Lakini Sharp alipata alichokitafuta kwa sababu hakuuliza kingine. Nyimbo za dini, ambazo watu hao waliziimba kila Jumapili, hakuzishughulikia. Muziki wa banjo haukumvutia. Jamii za Weusi zilizokaa katika milima hiyohiyo aliziepuka. Kutokana na mbinu hii, msomaji wa Sharp huona Uingereza ya kale iliyohamishiwa Marekani, kwa kuwa mkusanyaji aliondoa kila kitu kilichoonyesha kwamba ile ilikuwa Marekani. Kosa hili si la Sharp peke yake. Kila mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda kijijini na orodha ya tanzu mfukoni yumo hatarini kulirudia, na wanafunzi wetu wa uzamili wanaokwenda nyanjani hawajasalimika nalo.

Biashara ya Santuri na Ukuta wa Rangi

Kama wasomi waliuchora mpaka, wafanyabiashara ndio waliojenga ukuta juu yake. Baada ya Mamie Smith kurekodi bluzi kwa mafanikio makubwa katika kampuni ya OKeh mwaka 1920, makampuni yaligundua kwamba Weusi walikuwa wanunuzi. Baada ya Carson, yaligundua vivyo hivyo kuhusu Weupe wa mashambani. Orodha mbili zikaanzishwa: moja ya santuri za Weusi, iliyopewa jina la mbari, na nyingine ya Weupe wa mashambani, ambao waliitwa watu wa vilimani kwa neno lenye kejeli ndani yake. Mwimbaji aliwekwa katika orodha kwa kutazamwa uso wake, si kwa kusikilizwa wimbo wake.

Athari ya utaratibu huu kwa uhakiki ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wanamuziki Weusi waliopiga fidla na banjo, nao walikuwa wengi, hawakuitwa kurekodi muziki huo, kwa sababu haukulingana na orodha yao. Kizazi kilichofuata kilipozichukua santuri kuwa ushahidi, kilihitimisha kwamba Weusi hawakupiga fidla wala banjo. Orodha ya mwuzaji ikawa historia. Tanzu hizo mbili zilipobadilishiwa majina mwaka 1949 na jarida la biashara la Billboard, moja ikiitwa kantri na magharibi na nyingine ridhimu na bluzi, majina yalikuwa ya heshima zaidi, lakini ukuta ulikuwa uleule.

Hata hivyo, ukuta huo ulikuwa na nyufa. Huko Bristol mwaka 1927, miongoni mwa waliorekodi alikuwamo El Watson, mpiga harmonika Mweusi. Katika kituo cha redio cha WSM cha Nashville, kilichoanzisha mwaka 1925 kipindi ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry, mmoja wa fanani waliopendwa mno alikuwa DeFord Bailey, mpiga harmonika Mweusi aliyeweza kuigiza kwa pumzi mwendo mzima wa gari la moshi. Bailey aliondolewa katika kipindi hicho mwaka 1941. Alifariki mwaka 1982, na jina lake halikuingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Muziki wa Kantri hadi mwaka 2005. Machi 2024 Beyoncé alipotoa albamu yake ya Cowboy Carter, walizuka watu waliouliza kama Mweusi ana haki ya kuimba kantri. Albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka mnamo Februari 2025, lakini swali lenyewe linadhihirisha kwamba orodha za miaka ya 1920 bado zimo vichwani mwa wengi.

Nani Mtunzi?

Hapa tunalifikia swali tulilolitaja mwanzoni. Peer alitaka nyimbo zinazoweza kusajiliwa hakimiliki, kwa maana pato lake kubwa lilitoka huko. Wimbo wa jadi usio na mwenyewe haukumfaa mpaka upate jina la mtu chini yake. Familia ya Carter ilikuwa na watu watatu: A. P. Carter, mkewe Sara aliyeongoza uimbaji, na Maybelle, binamu ya Sara, aliyepiga gitaa. Kazi ya A. P. ikawa kusafiri akitafuta nyimbo za kulisha biashara hiyo.

Katika safari nyingi hakuwa peke yake. Alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi waliyekutana Kingsport, Tennessee. Wakifika nyumbani kwa mtu anayejua wimbo, A. P. aliandika maneno na Riddle alikariri lahani, kisha wakarudi na wimbo mzima. Aidha, Maybelle alijifunza mengi kutokana na upigaji gitaa wa Riddle. Jina la Riddle halikuonekana katika santuri. Ni mwaka 1965 tu mwanamuziki Mike Seeger alipomtafuta na kumpata.

Mgawanyo huo wa kazi unafaa kuzingatiwa na mhakiki. Sheria ya hakimiliki ilithamini karatasi. Aliyekuwa na karatasi akawa mtunzi. Kumbukumbu, ambayo katika fasihi simulizi ndiyo maktaba, haikuhesabiwa kuwa kazi. Tena, nyimbo nyingi zilizoandikwa jina la A. P. zilikuwa na watunzi wengine waliojulikana. Wimbo mmoja mashuhuri wa familia hiyo kuhusu ua la porini ulitokana na utungo wa sebuleni wa mwaka 1860. Mwingine, kuhusu kutembea upande wenye jua, ulikuwa wimbo wa dini ulioandikwa na Ada Blenkhorn mwaka 1899. Hatumshutumu A. P. kwa wizi. Katika mapokeo aliyokulia, kuubadilisha wimbo ni sehemu ya kuupokea, kama ambavyo mtambaji wetu haombi ruhusa ya kuitamba hadithi ya bibi yake. Tunachokishutumu ni mfumo uliochukua mapokeo yasiyo na mmiliki mmoja, ukayapa mmiliki mmoja, kisha ukachagua kwa rangi ni nani anayestahili kuwa mmiliki huyo.

Jimmie Rodgers na Safari ya Kuja Kericho

Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Meridian, Mississippi, ndiye anayeonyesha mchanganyiko huu kwa uwazi zaidi. Tungo zake 13 za mfululizo wa yodeli za bluzi zina umbo la bluzi: mshororo wa kwanza, marudio yake, kisha mshororo wa tatu unaojibu. Beti zake hazifuatani kwa kisa. Nyingi ni beti zinazoelea, zilizotumiwa na waimbaji Weusi wa kusini na kuhamishwa kutoka wimbo hadi wimbo, mfano hasa wa utunzi wa kifomyula alioueleza Albert Lord mwaka 1960. Mwishoni mwa ubeti sauti yake huruka ghafla kwa mtindo wa wachungaji wa milima ya Alpi, mtindo uliofika Marekani kupitia majukwaani. Mwaka 1929 alirekodi na mpiga gitaa wa Hawaii, Joseph Kaipo. Tarehe 16 Julai 1930, huko Los Angeles, alirekodi na Louis Armstrong akipiga tarumbeta na Lil Hardin Armstrong akipiga piano. Ukuta ule wa orodha haukuwazuia watatu hao kupiga wimbo mmoja.

Rodgers alifariki kwa kifua kikuu tarehe 26 Mei 1933, lakini santuri zake ziliendelea kusafiri. Zilifika hata kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 mkusanyaji Hugh Tracey alirekodi Kapkatet nyimbo zilizoitwa Chemirocha, jina ambalo ni Jimmie Rodgers lililotamkwa Kikipsigis, likapata mwanzo unaofanana na majina mengi ya watu wa huko. Toleo linalojulikana zaidi liliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwalika Chemirocha aje kucheza nao, na walimdhania kuwa nusu mtu, nusu paa.

Maelezo hayo yamewafurahisha wengi ughaibuni, nasi tungependa yasomwe kwa tahadhari. Habari ya nusu mnyama imetufikia kupitia kalamu ya mkusanyaji. Aidha, hata tukiikubali, si lazima iwe ishara ya ujinga. Sauti isiyo na mwili, inayotoka katika kisanduku na kurukaruka kwa namna isiyo ya kawaida ya binadamu, ilidai mwili, na fanani hao wakaubuni kwa rasilimali za ngano zao. Hivyo ndivyo fasihi simulizi ifanyavyo kila inapopokea mgeni. Kwa kigezo hicho, wasichana wa Kapkatet waliufanyia wimbo wa Rodgers jambo lilelile ambalo Rodgers alizifanyia bluzi za Mississippi. Walipokea, wakageuza, wakaimba. Tofauti ni kwamba yeye alisajiliwa kuwa mtunzi, ilhali wao walihifadhiwa katika kumbukumbu za sauti za Afrika Kusini, na nakala zake hazikurudishwa kwa jamii yao hadi miaka ya 2010.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba muziki wa kantri haukuzaliwa Bristol, wala haukuhifadhiwa safi milimani. Ulifinyangwa na fidla ya Ulaya, banjo ya Senegambia, nyimbo za dini, maonyesho ya dhihaka, bluzi na gitaa la Hawaii. Anayesema kwamba una asili nyingi, lakini, hajamaliza kazi, kwani mchanganyiko ulioimbwa na wengi ulipewa jina la wachache, na jina hilo liliandikwa na watu wenye orodha, kalamu na hakimiliki.

Funzo kwa uhakiki wetu ni la kimbinu. Tunapoulizwa utanzu fulani ni wa nani, swali la kutangulia liwe ni nani aliyeuweka katika fungu hilo, lini, na kwa faida ya nani. Makusanyo tuliyo nayo ya nyimbo za Afrika Mashariki yamejaa vichwa vinavyotaja kabila moja kwa kila wimbo, na mara nyingi jina la mkusanyaji huchapwa kwa herufi kubwa kuliko la fanani, iwapo fanani ametajwa kabisa. Wapo akina Riddle wengi katika kurasa hizo. Kazi ya kuwatafuta ni yetu, na ni heri ifanywe wakiwa hai.